Sifuri za Mama Nyachwo

Nyinyi mnaotoka asubuhi na simu mfukoni, chaji imejaa na viatu havijaona tope, nawasalimu. Wengi wenu mnaniita Senge, maana niliwafundisha kazi hii au niliwagombeza mkiwa ndani yake, na kwetu Busamia senge, dada wa baba, ana ruhusa ya kufanya yote mawili. Juzi harusini mmoja wenu aliniuliza kile kitufe cha "Kuna msiba" kwenye simu zenu kilitoka wapi. Mnakijua: ukikibonyeza, simu inanyamaza, haimuulizi mtu habari za chakula mpaka mwenye nyumba aanze kuandika mwenyewe. Nilianza kumjibu, muziki ukapanda, akaenda kucheza. Nimeona niandike, maana maandishi hayakimbilii muziki.

Ila siwezi kuanzia kwenye kitufe. Nikianzia hapo mtadhani kilidondoka kutoka mbinguni.

Kazi yetu, kwa asiyeijua, ni kuuliza watu wametumia nini nyumbani mwao. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa, karo, pombe, nauli ya kwenda kliniki. Serikali ikisema maisha yamepanda, inasema hivyo kwa sababu mtu fulani alikaa kwenye kigoda jikoni kwa mama fulani, moshi ukimwingia machoni, akauliza, "Na jana je?" Mimi nilikuwa mtu huyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, Buteba, Buhehe, mpaka Tororo yote. Macho yangu mabovu ni ya moshi wa watu wengine.

Enzi zetu kila nyumba ilipewa daftari. Lilikuwa na mistari na vichwa vya habari, na mama alitakiwa kuandika kila jioni alichonunua na walichokula. Kwenye mafunzo lilionekana jambo rahisi sana. Huko nyumbani daftari liliishi maisha yake. Nililikuta limechorwa magari na watoto. Nililikuta limefunika mtungi wa maji. Kule Buhehe mzee mmoja alichana kurasa akasokotea tumbaku, na nilipomuuliza juma la kwanza liko wapi alinijibu kwa adabu kubwa kwamba amelivuta. Wengine waliliacha jeupe hadi asubuhi ya kurudishwa, kisha wakalijaza lote kwa kalamu moja, mkono mmoja, na mboga ileile kila siku.

Aliyenifundisha kupambana na daftari la namna hiyo ni msimamizi wangu wa kwanza, mzee Wandera, mtu mrefu, mwenye baiskeli iliyolia kuliko yeye alivyosema. Aliniambia, usimuulize mtu amenunua nini, kwa sababu hapo ataanza kufikiri unataka kusikia nini. Muulize jana usiku walikula nini, sahani ilikuwa na nini, halafu urudi nyuma naye polepole: kutoka sahanini kwenda sufuriani, kutoka sufuriani kwenda ghalani au dukani. Mtu akishaikumbuka sahani, mengine yanakuja yenyewe. Tena aliniambia nikiingia uani nipitishe jicho penye taka, ila nisitazame kama askari. Magamba ya samaki hayajui kusema uongo. Mpaka leo nikienda kuwatembelea watu jicho langu linakwenda jalalani kabla ya kwenda kwa mwenyeji, na mume wangu ananikanyaga mguu.

Basi simu zikaja.

Sitawadanganya, niliziogopa. Tulipewa mafunzo Tororo, na mwalimu wetu alikuwa na umri wa mwanangu wa mwisho. Alitwambia tuguse skrini taratibu. Mimi niligusa taratibu, ikafungua kamera, nikajiona uso wangu kutoka chini, mapua na kidevu, nikairudisha mezani nikasema naomba karatasi. Watu walicheka hadi chai ikaletwa.

Huko vijijini kulikuwa na vituko vikubwa zaidi. Buteba, kwa mfano, iko karibu sana na Kenya, na simu haijui kuna mto wala kuna askari wa forodha. Unakaa kwa mama wa Kiteso, mguu wako uko Uganda, kigoda chako kiko Uganda, simu inatikisika mfukoni: karibu Kenya. Programu yetu ya kwanza ilichagua sarafu kwa kufuata mtandao. Kwa hiyo chumvi iliyolipwa kwa shilingi za Uganda ikaandikwa kama shilingi za Kenya, na huko Kampala, makao makuu yetu, ikaonekana kwamba nyumba moja ya Buteba inakula chumvi yenye thamani ya mbuzi. Wakanipigia kuuliza hao watu wana ng'ombe wangapi wa kulambishwa. Nilimuuliza mama mwenyewe, akasema ni pakiti moja, na bado ipo.

Halafu kulikuwa na vidole. Hili hakulifikiria mtu aliyetengeneza programu, kwa sababu yeye hajalima. Kidole kilichoshika jembe tangu utoto kina ngozi ngumu kama kisigino, na skrini haikisikii. Mzee Ekisa wa Buteba alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza kwa gumba, mwisho akanitazama.

"Hii simu hapana heshimu watu," alisema. "Mtoto akigusa inasikia. Mimi nikigusa inanyamaza."

Kisha akainama akaigusa kwa ncha ya pua. Ikafunguka. Mzee yule alijaza majibu yake yote kwa pua, ameiinamia simu kama anayenusa mchuzi, na hakukosea hata moja. Wapwa zangu, mkikutana na kidole kigumu, msimnyang'anye mtu simu mkamjazia. Mpeni nafasi atafute njia yake.

Pamoja na vituko hivyo, nakumbuka siku nilipoacha kuziogopa. Nilikuwa Buhehe, nimemaliza nyumba ya tatu, nimebonyeza tuma, nikamiminiwa chai kwenye kikombe cha bati. Kabla haijapoa Kampala wakanipigia: mbona nyumba ya tatu haina sabuni? Zamani madaftari yetu yalifungwa kwenye maboksi, maboksi yakasubiri lori, lori likasubiri mafuta, huko stoo mchwa wakayasoma kabla ya wakubwa. Msimu ulipita, watoto waliozaliwa wakati wa maswali walikuwa wanatembea ndipo mtu akague ukurasa wa sabuni. Na sasa mtu aliye mbali namna ile anajua sabuni ya nyumba iliyo mbele yangu chai ikiwa bado inatoa moshi. Nilirudi nikauliza. Sabuni ilikuwepo, nilisahau kuiandika. Niliogopa kwa namna nyingine tangu siku hiyo, namna ile mtu anayoogopa akiingia kanisa kubwa.

Sasa nije Kirewa.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini. Mtindo ulishabadilika tena: kila nyumba iliyochaguliwa inajiandikia yenyewe. Mwenye simu ya kupapasa anaingia kwenye ukurasa wa mtandao. Mwenye katochi, ile simu ndogo yenye tochi, anabonyeza nyota na namba na kufuata maswali. Karani wa kijiji anapita kila siku kuwasaidia waliokwama. Mimi nilikuwa msimamizi, nakaa ofisini Tororo nikitazama taarifa zikiingia, jambo ambalo mgongo wangu ulilishukuru.

Karani wa Kirewa alikuwa binti nitakayemwita Athieno. Tulikula kiapo cha kutowataja watu wa nyumba tulizoingia, na kiapo hakistaafu, kwa hiyo majina yote ya Kirewa humu nimeyabadilisha. Athieno alikuwa katika mwaka wake wa kwanza kazini. Baba yake alimsomesha kwa ng'ombe mpaka zizi likabaki na miti tu, na alikaa nyumbani muda mrefu baada ya chuo akisikia watu wakimuuliza zile ng'ombe zimezaa nini. Kazi hii ndiyo iliyokuwa jibu lake.

Asubuhi moja nikafungua skrini nikakuta kijiji chake chekundu. Programu ilikuwa na macho yake: taarifa ikitia shaka, inapakwa rangi nyekundu. Nyumba moja, ya mama nitakayemwita Nyachwo, ilikuwa na sifuri. Hawakununua kitu, hawakuvuna kitu, hawakupewa kitu, hawakula kitu. Jana yake sifuri, juzi yake sifuri. Na nyumba nyingine za kijiji hicho zilikuwa zimeandika vitu vilevile kwa vipimo vilevile: unga, maharage, sukari, majani ya chai. Ni kama mtu mmoja aliketi mahali akanakili.

Pale ofisini tulikuwa na kijana wa takwimu aliyeletwa kutoka Kampala, Mugisha, kwao magharibi kabisa. Alikuwa mpole, alizungumza na skrini yake kuliko na sisi. Alinionyesha zile safu zinazofanana akaniambia kwa masikitiko kwamba ndivyo inavyoonekana karani anapokaa kwao chini ya kivuli akabuni. Mimi nimewaona makarani wa hivyo, niliwahi kumkamata mmoja akijaza kijiji kizima ndani ya baa, basi nikakubaliana naye. Mchana Kampala wakaleta agizo: maelezo yafike kabla ya jioni ya Ijumaa, la sivyo nyumba ya sifuri ifutwe, na karani aondolewe na jina lake liwekwe kwenye orodha ya wasioajiriwa tena, hata sensa ikija.

Nilimpigia Athieno. Haikuita. Kirewa mtandao huja na upepo, ukitulia nao unatulia. Nikachukua bodaboda.

Nilimkuta njiani, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Hata salamu sikumpa. Nilishuka kwenye pikipiki nikaanza kumsema hapohapo, mwenye boda akisikiliza bila aibu: umekaa wapi siku zote hizi, nani amekufundisha kunakili, unajua ng'ombe za baba yako zinakwenda wapi? Aliniacha nimalize. Kisha akanyoosha mkono kuelekea boma lililokuwa mbele yetu. Palikuwa na turubai la bluu limefungwa kwenye miti, na moshi.

"Senge," alisema, "pale kuna matanga."

Nilirudi kwenye kioski tulichokipita, nikanunua sukari, nikajifunga leso vizuri kiunoni, maana msibani huendi mikono mitupu wala huendi umevaa kama mtu wa ofisi. Ndipo tukaingia.

Mume wa Mama Nyachwo alikuwa ameshazikwa, ila waombolezaji walikuwa bado hawajatoka na ua ulikuwa haujafagiliwa. Katikati uliwaka moto wa wanaume, gogo kubwa lisilozimwa. Jiko la mama mwenyewe lilikuwa limelala. Mlango wake umefungwa, mafiga yamekaa kwenye jivu baridi. Katika kijiji kile mjane hawashi moto jikoni mwake mpaka ua ufagiliwe, na kuwasha kwake mwenyewe ndiko kunakosema kwamba nyumba imerudi kuwa nyumba. Hakuna anayemharakisha. Kabla ya hapo majirani wanapika makwao na kuleta. Nilipokuwa nimekaa pale mkekani niliwaona wakija kwenye vijia vya mihogo, mmoja kutoka huku na mmoja kutoka kule, beseni kichwani, limefunikwa kitambaa. Wakina mama wa kikundi cha kusaidiana cha kijiji walikuwa wamegawana: kila nyumba unga kiasi kilekile, maharage kiasi kilekile, sukari, majani. Hapo safu zangu zilizofanana zilikuwa zinatembea kwa miguu mbele ya macho yangu.

Nilimnong'oneza Athieno: mbona basi hukuandika hivi kama vyakula vya kupewa? Mahali pake papo kwenye simu. Akasema alimuuliza mwenye nyumba, na afadhali nimuulize mwenyewe.

Mama Nyachwo alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kichwa kimefungwa kitambaa. Kabla ya msiba alikuwa hodari wa kijiji kwa katochi yake. Athieno alimfundisha mara moja tu, na tangu hapo alijiandikia chumvi yake kwa mkono wake, bila kusaidiwa. Nilimpa pole, kisha nikamuuliza kwa sauti ya chini kuhusu yale mabeseni. Aliyatazama yalivyopangwa ukutani.

"Chakula ya matanga hatuhesabu, mama," alisema. "Ukihesabu, nayo inakuhesabu."

Nilielewa: anayekihesabu chakula hicho, kifo kitamhesabu yeye. Hata kwetu Samia hatuhesabu watoto wa mtu wala kuku wake kwa kidole, tunataja majina tu, na nilizeeka nikijua hivyo. Kile cha dukani wakina mama walikiandika bila wasiwasi, maana dukani ni unga tu. Ukishavuka ua wa mfiwa si unga tena. Wote walisema kweli. Mwenye kununua aliandika alichonunua, na mfiwa alitaja sifuri, na Athieno alitembea katika matope kila siku kuja kupokea sifuri ile na kuituma.

Nilirudi Tororo nikamweleza Mugisha. Alisikiliza bila kugusa kompyuta yake, jambo geni kwake, akaniambia kwao pia kuna siku ambazo jiko linazimwa. Tukampigia mkubwa wa Kampala. Naye hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Alisema hadithi ni nzuri na anaiamini, ila programu haisomi hadithi. Nyumba yenye sifuri tupu itajifuta yenyewe Ijumaa, na ikifutwa ile, nyumba nyingine zote zitabaki na shaka, na karani pamoja nazo. Akatoa njia rahisi. Karani akadirie tu yale mabeseni, aandike kiasi fulani kama chakula cha kupewa. Sifuri zitaondoka, wekundu utaondoka, kila mtu atalala.

Mimi niliipenda njia ile. Nawaambia ukweli, niliipenda sana. Athieno alipokuja ofisini nilimbembeleza kama mama. Nani atajua? Mama Nyachwo hataona kamwe. Binti alikaa, amekunja mikono mapajani, na kucha zake zina udongo wa Kirewa.

"Senge, yule mama amekataa visihesabiwe," alisema. "Nikiandika, nimehesabu. Nitarudi vipi pale kunywa maji yake?"

Nikamkumbusha zizi la baba yake. Akasema analikumbuka. Akavaa viatu akarudi Kirewa, na mimi nikabaki namuonea hasira, wivu na fahari, yote kwa pamoja, sijui nianze na lipi.

Alhamisi mchana Mugisha akaniita. Alikuwa amezima taa na kufunga mapazia, ramani ya kijiji iko ukutani. Kila nyumba ilikuwa nukta moja. Alisema amezifanya nukta zinenepe na kukonda kufuata chakula kilichonunuliwa kila siku, ili aone kama kuna kitu cha kumwonyesha mkubwa. Akabonyeza, siku zikaanza kupita.

Mwanzoni nukta zilikuwa ndogo ndogo, zinapumua tu, kubwa siku ya soko, ndogo siku nyingine. Kisha nukta ya katikati ikakonda, ikakonda, ikawa tundu la sindano. Nilijua ile ni siku aliyokufa baba mwenye nyumba, na siku iliyofuata nyumba zote pembeni yake zilianza kuvimba. Ile ya jirani kwanza. Halafu ya ng'ambo ya kisima. Halafu zilizo mbali, za kando ya barabara, moja baada ya nyingine, mpaka kijiji kizima kikawa kimejaa chakula na katikati yake kuna nyumba moja haina kitu. Nilikuwa nimeshayaona yale mabeseni kwa macho yangu. Nilikuwa nimekaa mkekani kati yao. Ila msibani unaona anayeingia tu, huoni kijiji. Pale ukutani nilikiona chote kwa mara moja kama anavyokiona Mungu, na sikuwa na pa kuweka mikono yangu.

Kulikuwa na nyumba moja pembeni ambayo Athieno alinieleza kuwa haikuwa ikisalimiana na ile ya marehemu, ugomvi wa shamba wa miaka. Hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyeonekana chini ya turubai. Nukta yao nayo ilivimba sawasawa na nyingine. Unga kiasi kilekile, sukari kiasi kilekile. Sijui nani aliwabebea chakula hicho mpaka msibani. Mpaka leo sijamwambia mtu, na nyinyi hamjui ni nyumba gani.

Nilimwambia Mugisha, "Haya ndiyo matanga."

Yeye alikuwa ameketi juu ya meza kama mtoto. Alirudisha siku nyuma, akazipitisha tena, akarudisha tena. Nilifikiria nyumba zote za msiba nilizoingia enzi za karatasi. Mwongozo ulisema nyumba ikifiwa, toa daftari, chukua nyumba ya pili yake, na tulitii, miaka yote, wilaya zote. Kwa vitabu vyetu Busia na Tororo hakuwahi kufa mtu. Na wale majirani waliokula kidogo ili wengine wapate, walionekana kama watu walionunua unga kwa pupa. Karatasi haikuweza kuona hili kwa sababu kila daftari lilikuwa peke yake. Msemo wetu unasema usione vyaelea, vimeundwa. Mimi nilidhani najua kazi yangu, nikastaajabu kama mgeni.

Mugisha alituma ramani Kampala jioni ileile. Jibu lilikuja asubuhi: imewagusa wote, wameitazama wakiwa wamesimama, ila haioneshi kama nyumba ya katikati ina mtu. Huenda walihama. Huenda karani hakufika. Programu ingefuta saa kumi na moja.

Hapo hatukuwa na la kufanya. Ningeweza kumpigia Athieno amwombe yule mama anunue chochote, pakiti ya chumvi tu, ingetosha. Niliinua simu mara kadhaa. Lakini siku ya kuwasha jiko la mtu haipangwi na ofisi, na Athieno asingekubali, na mimi kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kumuogopa kidogo yule binti. Alirudi saa tisa, akasema ua unafagiliwa leo, wageni wa mbali wanaondoka, zaidi ya hapo hajui. Akakaa kwenye benchi ukutani. Kukawa na watu watatu chumbani wanatazama nukta moja isiyoonekana.

Saa kumi ikapita. Mugisha alileta chai, hakuna aliyeinywa. Zile nukta za pembeni zilikuwa zimeanza kukonda, kurudi kwenye udogo wao wa kawaida, moja moja, kama watu wanaoaga. Nilimwona Athieno akizitazama huku midomo yake inacheza, nadhani anazitaja kwa majina ya wenyewe.

Kisha nyumba ya katikati ikaleta taarifa. Haikupita kwa karani. Ilitoka kwenye katochi ya mwenye nyumba, nyota na namba, jibu moja moja, kwa mkono wake.

Mugisha alisoma, akageuka kunitazama, hakuelewa. Alisema mama amenunua kitu kimoja tu, na si chakula. Akaniuliza kama ni kosa.

Nilisogea nikasoma mwenyewe. Kiberiti, kimoja.

Athieno alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili. "Amewasha," alisema.

Nyumba haikufutwa, Athieno akabaki kazini, na kitufe mlichoniuliza kilizaliwa na kiberiti hicho. Nimeandika viberiti visivyo na hesabu katika maisha yangu, kwa kalamu na kwa kidole, bila hata kukitazama kimoja. Kile cha Mama Nyachwo nilikisoma nikiwa nimesimama, na nilipogeuka, Mugisha naye alikuwa amesimama.